Ngoma Iliyokatazwa: Namna Musiki wa Orkestra wa Marekani Ulivyopata Sauti Yake

Inchi yaweza kuwa na mali, viwanda na majeshi, na hata hivyo ikakosa sauti yake yenyewe. Hayo ndiyo yaliyoipata Marekani. Katika karne ya 19 ilikuwa na orkestra nzuri, ilikuwa na nyumba kubwa za kusikilizia musiki, ilikuwa na feza za kuwalipa wapigaji. Lakini karibu yote yaliyopigwa humo yalitungwa Ulaya. Waamerika wenyewe walijiuliza: musiki wetu uko wapi? Wengi hawakuona kwamba ulikuwa mlangoni pao, katika midomo ya watu waliowazarau.

Wasomaji wapenzi, tunataka kufuata historia hiyo hatua kwa hatua. Lakini kwanza tueleze neno moja. Kwetu Kongo, mtu akisema orkestra, wengi wanafikiri mara moja juu ya vijana wa mjini wenye magitari, wanaopiga ili watu wacheze usiku. Hapa tunasema juu ya orkestra ya namna nyingine: kundi la wapigaji 80 au 100, wenye violini, filimbi, tarumbeta na ngoma za shaba, ambao wote wanasoma musiki ulioandikwa, na mbele yao anasimama kiongozi mwenye fimbo ndogo mkononi. Utungo mkubwa unaoandikwa kwa ajili ya kundi kama hilo unaitwa simfoni, na kwa desturi una sehemu nne.

I. Urizi wa Ulaya

Orkestra ya New York Philharmonic ilianzishwa mwaka 1842. Ile ya Boston ilifuata mwaka 1881, na ile ya Chicago mwaka 1891. Wapigaji wengi wa siku zile walikuwa Wajerumani waliohamia Amerika, na mara nyingi mazoezi yalifanywa kwa Kijerumani. Mmoja wao, Theodore Thomas, alizaliwa Ujerumani mwaka 1835, akavuka bahari pamoja na wazazi wake akiwa mtoto wa miaka kumi. Alikuwa mpiga violini, kisha akawa kiongozi wa orkestra. Miaka mingi alizunguka kutoka mji hata mji pamoja na wapigaji wake, ili watu ambao hawajasikia Beethoven hata siku moja wapate kumsikia. Ndiye aliyeanzisha orkestra ya Chicago.

Tusiwazarau watu hao. Walileta ustadi, walileta nizamu ya kazi, walijenga nyumba ambamo wengine wangeingia baadaye. Lakini kijana Mwamerika aliyetaka kuwa mtungaji alikwenda kusoma Leipzig ao Berlin, naye aliporudi alitunga kama Mjerumani. Mtoto anayefuata mwandiko wa mwalimu wake anajifunza kuandika, na hilo ni jema. Akiufuata mpaka uzee, hajaandika bado barua yake mwenyewe.

II. Ngoma yakatazwa

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka mia, tushuke kusini mwa inchi ile, kwa watumwa.

Siku ya Dominika, tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono katika koloni ya South Carolina, kundi la watumwa lilishika silaha na kuanza safari ya kwenda kusini, kwenye inchi ya Florida. Florida ilikuwa mikononi mwa Waspania, nao waliahidi kuwapa uhuru watumwa watakaowakimbilia. Walitembea wakipiga ngoma ili wenzao wasikie na kujiunga nao. Kabla ya jioni walikutana na askari wa koloni, vita vikawa, na wengi wakafa. Wataalamu wa historia wa siku zetu wanafikiri kwamba wengi wa watumwa wale walitoka katika ufalme wa Kongo, ambao wafalme wake walipokea ubatizo tangu mwaka 1491. Basi, kama ni hivyo, waliopiga ngoma siku ile ya Dominika walikuwa ndugu zetu kwa inchi, na pengine kwa imani pia.

Mwaka uliofuata, 1740, wakubwa wa koloni walitoa sheria kali juu ya watumwa. Kati ya mambo mengine, walikatazwa kuwa na ngoma, pembe, wala chombo chochote chenye sauti kubwa kinachoweza kuwaita watu. Wazungu wale walielewa vizuri kwamba ngoma si mchezo tu. Ngoma inasema, nayo inasikiwa mbali.

Watumwa walifanya nini? Ngoma ya mti iliponyanganywa, walifanya miili yao kuwa ngoma. Walipiga mikono, walipiga mapaja na kifua, walikanyaga udongo kwa nyayo, mmoja akishika pigo la chini na mwingine akijibu juu yake. Mchezo huo uliitwa juba. Tulishike jina hilo, maana tutalikuta tena katika historia hii, mahali ambapo hakuna aliyelitazamia.

Katika mji wa New Orleans mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mji huo ulijengwa na Wafaransa, ukatawaliwa baadaye na Waspania, kisha ukawa wa Marekani mwaka 1803. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1724 iliwaamuru mabwana wawabatize watumwa na kuwapumzisha siku ya Dominika. Desturi ya kupumzika ilibaki, na siku hiyo watumwa walikusanyika, waliuza mazao ya mashamba yao madogo, walicheza. Mwaka 1817 wakubwa wa mji waliagiza kwamba mikutano hiyo ifanywe mahali pamoja tu. Uwanja uliochaguliwa watu waliuita Place Congo, maana yake Uwanja wa Kongo. Jina la inchi yetu limebaki pale hata leo.

Mwaka 1819 mjenzi mmoja mashuhuri, Benjamin Latrobe, alipita karibu, akasikia mshindo, akaenda kutazama. Aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba aliona watu weusi wapata mia tano ao mia sita, wamejigawa katika miviringo mbalimbali. Aliona ngoma zinazopigwa kwa mikono, na chombo cha nyuzi chenye sanamu ya mtu aliyeketi, iliyochongwa juu ya shingo yake. Yeye mwenyewe hakupendezwa na musiki ule. Hata hivyo aliuchora na kuueleza, na kwa sababu ya kalamu yake sisi tunajua leo ni vyombo gani vilivuka bahari pamoja na watu.

Katika mji huo alizaliwa, mwaka 1829, Louis Moreau Gottschalk. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Myahudi kutoka London. Jamaa ya mama yake walikuwa Wafaransa waliokimbia Saint-Domingue, inchi inayoitwa sasa Haiti. Tangu utoto alisikia nyimbo za watu weusi wa nyumbani mwao. Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa Paris. Shule kubwa ya musiki ilimkataa hata bila kumsikiliza, kwa sababu alikuwa Mwamerika. Kijana hakukata tamaa. Alisoma kwa walimu wengine, na karibu na mwaka 1848 alitunga utungo wa kinanda aliouita Bamboula, akitumia wimbo wa watu weusi wa kwao. Watu wa Paris, walewale waliofikiri kwamba Amerika haina musiki, waliushangilia sana. Baadaye alikaa katika visiwa vya Antilles, na mwaka 1859 alitunga simfoni juu ya usiku wa inchi za joto, akaingiza ndani mapigo ya ngoma za Cuba. Basi mtungaji mmoja alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Lakini alikufa Brazil mwaka 1869, mwenye miaka 40 tu, na watu wa kwao hawakumfuata.

III. Nyimbo walizozionea haya

Utumwa uliondolewa katika Marekani yote mwaka 1865. Mwaka uliofuata, shule kwa ajili ya watu weusi ilifunguliwa Nashville, nayo ikaitwa Fisk. Ilikuwa maskini kabisa. Mtunza feza wake, George White, aliyefundisha pia kuimba, aliwaza kuwatembeza wanafunzi wachache kaskazini ili waimbe na kuomba musaada. Tarehe 6 Oktoba 1871 waimbaji tisa waliondoka, na wengi wao walizaliwa katika utumwa.

Hapo mwanzo waliimba nyimbo za Wazungu. Nyimbo za wazee wao hawakutaka kuziimba mbele ya watu. Kwa nini? Kwa sababu zilikuwa za kusali, na walizikumbuka pamoja na siku za fimbo na minyororo. Waliona haya na waliona heshima, yote mawili pamoja. Lakini pole pole walianza kuziimba, na watu waliozisikia walilia. Kabla ya kumaliza safari zao walikuwa wameimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria, mwaka 1873, na feza walizoleta zilijenga nyumba kubwa ya shule yao, ambayo ingali inasimama Nashville.

Tuangalie vizuri jambo hili. Nyimbo hizo hazina mtungaji mmoja tunayemjua. Zimetungwa na watu waliokatazwa kusoma, katika mashamba ya pamba na katika sala za usiku. Wametumia hadisi za Biblia, Musa na Farao, Danieli na simba, mto Yordani, na walipoimba juu ya Misri walifikiri pia juu ya shamba la bwana wao. Mmoja anatanguliza, kundi linajibu. Namna hiyo ya kuimba hakuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu. Wameisikia tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao.

IV. Mgeni kutoka Bohemia

Katika mji wa New York, mama mmoja tajiri, Jeannette Thurber, alikuwa ameanzisha mwaka 1885 shule kubwa ya musiki. Aliwapokea wanawake, aliwapokea watu weusi, hata wale wasio na feza, jambo la ajabu katika siku zile. Alitaka mkubwa wa shule awe mtu wa sifa, ili awafundishe Waamerika kutunga musiki wa Kiamerika. Alimwita Antonín Dvořák, akamwahidia dola 15,000 kwa mwaka. Dvořák alifika mwezi wa Septemba 1892.

Mgeni huyo alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1841 katika kijiji cha Bohemia. Baba yake alikuwa mchinja nyama, mwenye nyumba ya wageni. Watu wake, Wacheki, walitawaliwa na Austria, na lugha yao ilihesabiwa kuwa lugha ya watumishi. Dvořák alipata sifa duniani kwa sababu alichukua nyimbo na michezo ya wakulima wa kwao na kuiingiza ndani ya simfoni. Basi alipofika Amerika hakuwauliza matajiri wapi ulipo musiki wa inchi. Alijua kwa kuona kwake mwenyewe mahali pa kuutafuta.

Kati ya wanafunzi wa shule kulikuwa kijana mweusi, Harry Burleigh, aliyezaliwa Erie, katika Pennsylvania, mwaka 1866. Babu yake alikuwa mtumwa aliyejikomboa kwa feza, na katika uzee wake alikuwa kipofu. Kutoka kwa babu huyo Burleigh alijifunza nyimbo za utumwa. Dvořák alimwita nyumbani kwake, akamwambia aimbe. Alimsikiliza mara nyingi, alimkatiza kwa maulizo, alitaka kujua kama kweli watumwa waliimba hivi ao hivi. Fikirini: mtungaji mashuhuri wa Ulaya ameketi, na mjukuu wa mtumwa ndiye mwalimu.

Mwezi wa Mei 1893 gazeti moja la New York lilitangaza mawazo ya Dvořák. Alisema kwamba musiki wa Amerika wa siku zijazo utapaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu weusi, maana ndani yake mna kila kitu kinachohitajiwa kwa shule kubwa ya watungaji. Makelele yakawa mengi. Wengine walicheka. Baadhi ya wachambuzi wa Boston waliona ni matusi kwao. Mtungaji Edward MacDowell hakukubali hata kidogo. Kwake yeye nyimbo za Wahindi wa Amerika, wenyeji wa kwanza wa inchi, zilikuwa na samani zaidi.

Wakati wa likizo ya mwaka ule, Dvořák hakubaki mjini. Alikwenda na jamaa yake yote mpaka Spillville, kijiji kidogo katika Iowa, ambako Wacheki wengi walikaa. Asubuhi alipiga kinanda katika kanisa la Mtakatifu Wenseslao, na wazee wa kijiji waliimba pamoja naye nyimbo za kwao. Kundi la Wahindi wauza dawa lilipita pale. Dvořák alikwenda kuwasikiliza wakiimba na kupiga ngoma.

Tarehe 16 Desemba 1893, New York Philharmonic ilipiga simfoni yake mpya katika Carnegie Hall. Aliipa jina: Kutoka Dunia Mpya. Sehemu ya pili inakwenda polepole, na wimbo wake unapigwa na korangle, chombo cha kupulizwa chenye sauti ya mtu anayekumbuka kwao. Watu walipiga makofi mpaka mtungaji akalazimishwa kusimama. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 1922, mmoja wa wanafunzi wake, William Arms Fisher, alitia maneno juu ya wimbo ule, na tangu siku hiyo wengi wanafikiri kwamba ni wimbo wa kale wa watumwa, ambao Dvořák aliuchukua. Sivyo. Wimbo ni wake mwenyewe. Lakini kosa hilo lafaa lijulikane, kwa sababu laonyesha ni kwa kadiri gani alisikiliza.

Hata hivyo tusifanye yote kuwa ya Waamerika. Simfoni hiyo ni pia barua ya Mcheki anayewaza kwao. Alirudi kwao mwaka 1895.

V. Mito mingine

Neno la Dvořák liliwagawanya watu, lakini kila mmoja alianza kutafuta chemchemi yake. Tutapita upesi hapa.

Amy Beach wa Boston aliona kwamba watu wa sehemu zake walitoka hasa Uingereza, Scotland na Ireland. Alichukua nyimbo za Ireland, akatunga simfoni iliyopigwa na orkestra ya Boston mwaka 1896. Ndiyo simfoni ya kwanza ya mwanamke Mwamerika. Mwaka uleule MacDowell alitoa utungo wa orkestra juu ya nyimbo za Wahindi, zilizokusanywa katika kitabu cha mtaalamu aliyewatembelea. Lakini yeye aliwatwaa nyimbo kutoka kitabuni. Wahindi wenyewe hawakualikwa. Ilipaswa kungoja miaka mingi kabla watungaji waliozaliwa kwa Wahindi, kama Louis Ballard, wapate kuziandikia orkestra wao wenyewe.

Charles Ives, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1874, alikuwa mwana wa kiongozi wa fanfari ya jeshi. Baba yake alizipenda fanfari hata akazipigisha mbili kwa mara moja, kila moja na wimbo wake, ili asikie namna sauti zinavyopambana. Mwana aliweka yote hayo katika simfoni zake: fanfari za sikukuu, na nyimbo za Waprotestanti wanaosali porini chini ya hema. Alipata riziki yake katika kazi ya bima, na watu walichelewa sana kumfahamu. Simfoni yake ya tatu, aliyoitunga mwanzoni mwa karne, ilipigwa mara ya kwanza mwaka 1946.

George Gershwin na Aaron Copland walizaliwa wote wawili Brooklyn, wa kwanza mwaka 1898, wa pili mwaka 1900, katika jamaa za Wayahudi waliohama kutoka ufalme wa Urusi. Gershwin alishona pamoja jazi na musiki wa orkestra, na utungo wake wa mwaka 1924 ulizunguka dunia nzima. Copland alisoma Paris kwa Nadia Boulanger. Baadaye alitunga juu ya nyimbo za Meksiko, na mwaka 1944 alichukua wimbo wa Shakers, Wakristu wachache walioishi pamoja kama watawa, akaufanya ujulikane kila mahali. Hapa tunakuta kitu cha kufikirisha: mwana wa Wayahudi, aliyefundishwa Ufaransa, ndiye aliyewaonyesha Waamerika uzuri wa wimbo wa Waprotestanti wa vijijini.

VI. Wenye nyimbo wanaingia

Mpaka hapa tumeona hasa wengine wakitumia nyimbo za watu weusi. Lakini wenye nyimbo wenyewe?

Katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, walikulia watoto wawili weusi. Wa kwanza ni William Grant Still, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1895 na kuletwa pale angali mtoto mchanga. Nyumbani bibi yake aliimba nyimbo za roho, na baba wa kambo alimnunulia sahani za opera. Baadaye alitumika katika orkestra za kuchezesha watu, akajifunza bluzi, ambayo ni nyimbo za huzuni za maskini weusi. Alipotunga simfoni yake ya mwaka 1930, wimbo wa kwanza aliufanya bluzi, na katika sehemu ya tatu aliingiza banjo, chombo ambacho watumwa walikitengeneza kwa kufuata vyombo vya Afrika. Orkestra ya Rochester iliipiga mwaka 1931. Kwa mara ya kwanza orkestra kubwa ya Marekani ilipiga simfoni ya mtu mweusi.

Wa pili ni Florence Price, aliyezaliwa Little Rock yenyewe mwaka 1887. Baba yake alikuwa mganga wa meno. Alipelekwa Boston kusoma, akamaliza mwaka 1906, akarudi kufundisha. Mwaka 1927 Wazungu wa Little Rock walimwua mtu mweusi bila hukumu, wakauchoma mwili wake katika mtaa wa watu weusi. Jamaa ya Price, kama jamaa nyingine nyingi, ilihamia Chicago. Kule aliachana na mume wake, akawa peke yake na watoto wawili wa kike. Alipiga kinanda katika nyumba za sinema ili apate chakula, na usiku aliandika. Mwaka 1932 simfoni yake ya kwanza ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya watungaji weusi. Tarehe 15 Juni 1933, orkestra ya Chicago, ileile iliyoanzishwa na Theodore Thomas, iliipiga chini ya Frederick Stock, Mjerumani aliyechukua nafasi yake. Haikutokea bado orkestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke mweusi.

Tuitazame sehemu ya tatu. Kwa desturi ya Ulaya, sehemu hiyo ni ya mchezo: zamani ilikuwa minuet ya mabwana wakubwa, na baada ya Beethoven ikawa mchezo wa mwendo wa mbio. Price aliandika pale jina la mchezo: Juba. Violini zinaimba, na chini yake ngoma zinapiga mapigo yaleyale ambayo watumwa waliyapiga juu ya mapaja yao, baada ya sheria ya mwaka 1740. Miaka karibu mia mbili imepita. Ngoma iliyokatazwa imeingia katika nyumba ya Beethoven, nayo ina kiti chake.

Mwaka mmoja nyuma yake, Novemba 1934, orkestra ya Philadelphia ilipiga simfoni ya William Dawson, kiongozi wa waimbaji wa shule ya Tuskegee. Mwaka 1952 Dawson alisafiri katika Afrika ya magharibi, akasikiliza, kisha akarudi na kuyasahihisha mapigo ya simfoni yake kwa kufuata yale aliyoyasikia huku. Alikuwa amewazia Afrika kwa nyimbo za babu zake. Sasa aliisikia kwa masikio yake.

VII. Viti vya orkestra

Laiti tungeweza kumaliza hapa kwa furaha. Lakini historia yataka tuseme yote.

Musiki wa watu weusi uliingia. Watu weusi wenyewe walibaki inje. Mwaka 1939 chama kimoja cha mji wa Washington kilimkatalia mwimbaji Marian Anderson nyumba yake, kwa sababu ya rangi yake. Aliimba kweupe siku ya Pasaka, mbele ya sanamu ya Lincoln na watu wapata 75,000, na wimbo mmoja kati ya zile za mwisho ulipangwa na Florence Price. Kiongozi wa orkestra Dean Dixon alisimama mbele ya New York Philharmonic mwaka 1941. Kisha, kwa kukosa kazi kwao, alihamia Ulaya mwaka 1949, akarudi kupiga Marekani mwaka 1970 tu. Orkestra ya New York, iliyopiga simfoni ya Dvořák mwaka 1893, haikumpa mpigaji mweusi kiti cha daima mpaka mwaka 1962, alipoingia Sanford Allen, mpiga violini.

Price aliandika mwaka 1943 kwa kiongozi wa orkestra ya Boston. Alikiri wazi kwamba ana vizuizi viwili, kuwa mwanamke na kuwa na damu nyeusi, akaomba musiki wake upimwe kwa wema wake tu. Orkestra ile haikupiga utungo wake hata mmoja alipokuwa hai. Alikufa mwaka 1953. Mwaka 2009, watu walionunua nyumba iliyoachwa karibu na Chicago, ambapo zamani alikaa wakati wa likizo, walikuta ndani makaratasi mengi yake, pamoja na concerto mbili za violini na simfoni ya nne. Paa lilikuwa limetobolewa na mti. Mvua kidogo tena, na kazi hiyo yote ingalioza.

Mambo yamebadilika, lakini polepole. Tangu miaka ya 1970 orkestra nyingi zinawapima wapigaji wapya nyuma ya pazia, ili sikio lihukumu bila jicho. Wanawake wengi wamepata kazi kwa njia hiyo. Hata hivyo hesabu iliyotolewa mwaka 2023 ilionyesha kwamba kati ya wapigaji 100 wa orkestra za Marekani, weusi hawafiki hata 3.

Tunajifunza nini?

Tunaona kwamba musiki wa orkestra wa Marekani haukutoka chemchemi moja. Umepata ustadi wa Wajerumani, nyimbo za Ireland, fanfari za vijijini, sala za Waprotestanti, ngoma za Antilles, nyimbo za Wahindi, na zaidi ya yote nyimbo za watumwa, ambao kati yao walikuwamo watu wa Kongo. Umekuwa wa Kiamerika siku ulipokubali kuwasikia wale waliokaa mwisho wa meza.

Tunaona pia kwamba kupenda wimbo si bado kumpenda mwenye wimbo. Watu waliweza kulia kwa ajili ya wimbo wa mtumwa jioni, na kesho yake kumfungia mjukuu wake mlango. Uzuri peke yake haukutosha kuleta haki. Ilipaswa watu wadai, waandike barua, wasimame mlangoni.

Jambo hili si la mbali nasi. Katika misioni nyingi ngoma zilibaki zamani inje ya kanisa. Mwaka 1958, huko Kamina, watoto na walimu wao waliimba pamoja na Padri Guido Haazen ile Missa Luba iliyopata sifa duniani, na mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliagiza kwamba musiki wa kila taifa upewe heshima na nafasi yake. Dunia inajua jina la Misa ile. Majina ya wale walioimba na kutafuta sauti zake, ni wangapi kati yetu wanayoyajua?

Basi, ninyi waseminari na walimu wa dini, mkikutana na mzee ao mama anayejua nyimbo za kale, fanyeni kama Dvořák alivyomfanyia Burleigh. Mketisheni, msikilizeni, mwulizeni maulizo. Mkiandika wimbo wake katika daftari, andikeni juu yake jina lake na jina la kijiji chake. Na siku wimbo huo utakapoimbwa mbele ya watu wengi, angalieni kama amealikwa, na kama ana mahali pa kuketi.